Jumamosi za Bibi Shamba

Binti yake Bibi Shamba alinipigia simu saa ya mapumziko, watoto wako uwanjani wanapiga kelele, akaniomba jambo ambalo nililibeba wiki kadhaa bila kujua pa kulitua. Alitaka nimwambie mama yake aache baiskeli. Binti huyo ni muuguzi huko Songea na si mtu wa kuzunguka na maneno. Alisema mama ana presha ya macho, dawa anatia siku akikumbuka, na daktari ameshawaambia kwamba kuona kwa pembeni kumekwisha na hakutarudi. Wanawe wote wameshasema naye mpaka wamechoka. "Wewe Mwalimu ndiye anakusikiliza," akaniambia. "Mnaendesha wote kila Jumamosi. Siku akigongwa na lori la makaa ya mawe, sisi tutamuuliza nani kama si wewe?"

Nikasema sawa, nitamwambia. Ningejibu nini kingine? Lakini nilipokata simu nilikaa kwenye benchi la nje ya ofisi na nikakosa hamu ya kurudi darasani. Mwanamke huyo ndiye aliyenipandisha baiskeli huku milimani, na sasa mimi ndiye natumwa nikamshushe.

Ngoja nikueleze ni nani, maana ukimsikia juu juu hivi utadhani ni bibi mkaidi tu. Mkaidi yupo, sikatai.

Watu wote humwita Bibi Shamba, hata sasa amestaafu. Jina lake la ubatizo lipo, na paroko analijua, lakini barabarani sijawahi kulisikia. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea wakulima wa kahawa wa kata ya Mbuji na za jirani, na aliifanya kwa baiskeli miaka yote. Ofisi ilimpa pikipiki. Akaitumia msimu mmoja, akamwachia kijana mgeni kazini. Alisema pikipiki inakufikisha kwa mkulima kabla hujafikiri utamwambia nini, na zaidi ya hapo inapita mashamba ishirini yenye ugonjwa wa kutu ya majani bila wewe kujua. Yeye alikuwa akiona mti wa kahawa umenyauka ngazi ya tatu ya kilima, anaegemeza baiskeli kwenye ukingo, anakunja sketi juu ya suruali yake na kupanda kati ya mashimo ya ngolo, yale yanayochimbwa mlimani kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, kwenda kuutazama. Mwenye shamba akitoka nyumbani anamkuta mgeni ameshaanza kazi.

Mimi ni mtu wa Liuli, ufukweni mwa ziwa. Nilipopangiwa shule huku juu nilikuja na baiskeli yangu nyeusi isiyo na gia, tena nikiringa nayo. Wiki ya kwanza milima ikanitia adabu. Chumba nilichopanga kiko upande mmoja wa bonde na shule iko upande wa pili, kwa hiyo asubuhi nashuka na kupanda, jioni nashuka na kupanda, na sikufika darasani hata siku moja shati likiwa kavu. Halafu mvua zikaanza. Udongo mwekundu wa huku ukilowa unashika tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na mwenye baiskeli anageuka kuwa mbebaji wake. Nikawa nachelewa. Mwalimu Mkuu akawa ananitazama bila kusema neno, jambo lililokuwa baya kuliko kugombezwa, nami nikaanza kuulizia habari za uhamisho.

Siku moja nimekwama vivyo hivyo, nachokonoa tope kwa kalamu, kalamu ikavunjika. Akatokea mwanamke anasukuma baiskeli yake taratibu. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba, akanitazama mimi kisha akaitazama ile kalamu. Hakucheka. Alicheka baadaye, kwa miaka, kila tulipopata chai mahali na msikilizaji mpya. Alikuwa amefunga kijiti bapa kwenye fremu ya baiskeli yake, akakichomoa, akanisafishia magurudumu yote mawili huku akiniambia kwamba mtu wa huku masika hatoki bila kijiti, kama asivyotoka bila nguo.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Aliniuliza kwa nini naona haya kusukuma. Kumbe alikuwa ananiangalia siku nyingi kutoka shamba la juu. Aliona kwamba nikiwa peke yangu nasukuma, lakini nikisikia watu wanakuja narukia juu ya baiskeli na kujitesa mpaka wapite, halafu nashuka nikihema. Loo! Sikujua kama kuna mtu duniani ameliona hilo. "Huku hata paroko akija kwa baiskeli anasukuma," akasema. "Mlima hautazami vyeti vyako, Mwalimu." Nakwambia kweli, nililala vizuri usiku ule. Wiki iliyofuata nilisukuma mbele ya wanafunzi wangu mchana kweupe, na hakuna aliyecheka, kwa sababu baba zao wote wanasukuma.

Hivyo ndivyo nilivyobaki. Habari za uhamisho niliziacha zikafa zenyewe.

Alinifundisha mengine kidogo kidogo, bila kunifanya nijione mwanafunzi. Kwamba breki ya nyuma ndiyo hutangulia, ya mbele ni ya kusaidia tu. Kwamba ukisikia harufu ya mpira unaungua kwenye mteremko mrefu, simama, kaa, kula kitu, maana breki nazo huchoka. Kwamba mwezi wa saba, ukungu unapolala bondeni mpaka saa tatu na vidole vinakufa ganzi, soksi kuukuu zinafaa mikononi kuliko glovu za dukani. Yeye alizivaa za rangi mbili tofauti na hakujali. Nilipopata fedha za kununua baiskeli ya gia, mtumba, alikwenda nami mpaka Mbinga mjini, akazipindua baiskeli zote za muuzaji miguu juu, akazungusha magurudumu na kusikiliza sikio likiwa karibu kabisa. Muuzaji akauliza kama mama huyu ni fundi. Akajibu kwamba yeye ni mnunuzi, tena ana njaa, kwa hiyo wafanye haraka.

Lakini hayo ni ya siku za kazi. Bibi Shamba halisi alikuwa wa Jumamosi.

Jumamosi alikuwa anaendesha bila sababu. Nasema bila sababu kwa sababu ndivyo watu walivyosema. Huku kwetu baiskeli ni punda. Inabeba mahindi kwenda mashineni, inabeba gunia la kahawa, inabeba mgonjwa. Mtu mzima kutoka nyumbani kwake bila mzigo, kupanda mpaka mlima fulani, kukaa huko, kula ndizi mbili na kurudi, hiyo ni habari ngeni. Yeye aliifanya tangu kijana na hakuweza kuieleza. Nilipomuuliza alisema tu kwamba siku nyingine zote baiskeli inamwendesha yeye, Jumamosi yeye anaiendesha.

Na hapo ndipo kilipotokea kisa cha msiba, ambacho wenyeji wa kijiji kimoja wanakisimulia mpaka leo. Alikuwa anapita kijiji asichopita mara nyingi, anakwenda kasi kidogo maana njia ni nzuri, keria tupu, hana hata kikapu. Wanawake waliokuwa wanapukuchua mahindi wakamwona. Mtu mzima, mwanamke, mbio, hana mzigo, siku isiyo ya kazi: wakaelewa mara moja. Kuna mtu amefariki huko mbele na huyu amepelekewa habari. Hawakumwita wamuulize, kwa sababu mwenye msiba hasimamishwi. Walifunga khanga, wakachota unga, mmoja akajitwika kuni, wakamfuata.

Yeye kule juu anakula ndizi zake, anatazama mabonde. Anageuka arudi, na kwenye kona anakutana na msafara wa akina mama wamejitwika unga na kuni, wamenyamaza, nyuso za huzuni. Akashuka kwenye baiskeli kwa heshima, akadhani wao ndio wanakwenda msibani. Akawapa pole. Nao wakampa pole. Wakapeana pole pale barabarani kwa muda mrefu, kila upande ukingoja mwingine amtaje marehemu. Mwisho mama mmoja mtu mzima akapasua jipu, akauliza, "Ni nani basi aliyetutoka?"

Alivyowajibu siri yao. Ninachojua ni kwamba hawakukasirika, au walikasirika kidogo tu. Unga ulikuwa umeshatoka nyumbani, na unga uliotoka kwa ajili ya msiba kuurudisha ghalani ni mkosi, kwa hiyo walikaa pale pale kwenye nyumba iliyokuwa jirani, wakapika ugali na majani ya maboga wakala wote. Jumapili ile katekista akatangaza baada ya misa, kwenye matangazo ya mwisho, kwamba waamini wakimwona Bibi Shamba anaendesha baiskeli siku ya Jumamosi wasiwe na hofu, hakuna msiba. Kanisa zima likaangua kicheko na yeye mwenyewe, benchi la mbele, akasimama na kuinama kama mtu anayepongezwa.

Tangu hapo hakutoka na keria tupu. Alifunga mzigo wa majani makavu, mwepesi, umezungushiwa mpira wa tyubu. Hauendi kokote. Unakwenda naye mpaka mlimani na kurudi naye. Aliuita mzigo wa kuwatuliza watu. Nilipoanza kufuatana naye Jumamosi, nami aliniamuru nifunge wangu.

Kama ulikuwa na haraka, usingefuatana naye. Akikutana na mzee alishuka. Hakupunguza mwendo na kuinua mkono, hapana, alishuka kabisa, akasimamisha baiskeli, akasema shikamoo kwa mikono miwili, akauliza habari za mgonjwa, za ng'ombe, za mtoto aliyekwenda Ngaka kutafuta kazi mgodini. Wazee wa njia ile ni wengi. Kuna siku tulishuka na kupanda mara nyingi hivi kwamba nilimwambia tungekwenda kwa miguu tungeshafika. Akasema ndiyo, lakini wasingetuona tunashuka.

Ukidhani kwa hayo alikuwa mtakatifu, umepotea. Pampu yake hakumwazima mtu. Baiskeli alikupa, hata usiku, hata kama humjui vizuri. Pampu, thubutu. Alisema baiskeli ya watu haiwezi kufichwa kijijini, lazima itarudi, lakini pampu inaingia chini ya kitanda na kuzaliwa upya. Kiraka na solusheni alikupa, akakubandikia mwenyewe, halafu akasimama kando yako mkono ameunyoosha mpaka umalize kujaza upepo.

Kahawa hakunywa. Maisha yake yote kawafundisha watu kahawa, na kikombe chake ni cha chai ya rangi na tangawizi. Nilimtania kuhusu hilo. "Mwalimu," akanijibu, "wewe unakula chaki?"

Na milima ya kupanda, ukweli usemwe, aliichukia. Alisukuma kwa subira kama wote tunavyosukuma, lakini aliishi kwa ajili ya mteremko. Tukifika juu alikuwa anafunga kilemba upya, anavuta pumzi, na hapo mama mtu mzima anapotea. Alishuka akipiga kelele njia, njia, mpaka kuku wa kijiji kizima wakaingia ndani. Mimi nilishuka nimebana breki, na nilipofika chini nilimkuta ameketi kwenye jiwe, anatafuna muwa. "Aliye juu mngoje chini," alikuwa akiniambia, kila mara, na kila mara akacheka peke yake. Siku moja nilijitahidi nikampita. Hakusema nami mpaka Jumanne.

Safari yake ndefu kuliko zote naijua mimi, kwa sababu alikuja kwangu. Baba yangu alipofariki nilishuka Liuli kwa basi, nikazika, na siku iliyofuata mchana nimekaa nje na wanaume nikaona mtu anasukuma baiskeli anakuja kwenye mchanga. Alikuwa ameshuka kutoka Mbinga kwa baiskeli, akalala njiani kwa masista, akafuata barabara ya ziwani mpaka kwetu. Kwenye keria kulikuwa na unga. Alishukia mbali, kabla ya nyumba ya kwanza, akatembea. Hakuja kwangu kwanza. Alikwenda kwa mama, akapiga magoti, kisha akaingia jikoni kwa akina mama wa Kianglikana ambao hakuna aliyemjua, akachukua sufuria chafu akaanza kusugua. Jioni aliimba nyimbo zao, akiomba aonyeshwe ukurasa.

Nilimuuliza kwa nini hakupanda basi. Akasema alikuwa na machozi mengi, akaona ayamalizie njiani, akifika awe na mikono ya kazi. Nilikuwa sijalia mpaka wakati huo. Nililia hapo, mbele ya wajomba zangu, na sikuona haya.

Kurudi alirudi na fuso la dagaa. Baiskeli juu, yeye mbele na dereva, ameshika samaki wawili wabichi, mbasa wa ziwani, aliopewa na mama. Kutoka ziwani mpaka Mbinga ni kupanda tupu, akasema, na kupanda ni kazi ya ng'ombe.

Sasa macho.

Sikugundua mapema, na bado nashangaa. Kuna wakati alianza kuniambia nitangulie. Miaka yote yeye ndiye alikuwa mbele, na ghafla kila Jumamosi ikawa Mwalimu tangulia. Nilifurahi. Nilidhani nimekomaa, kwamba sasa ananiamini na njia. Akaninunulia na fulana nyeupe mnadani, akasema niivae siku zetu za safari, nikadhani ni zawadi ya kawaida. Kwenye mteremko akawa ananifuata karibu karibu, kimya, hapigi tena kelele za njia. Nikasema moyoni, umri huo.

Kisha akamgonga mbuzi, huku chini ya Mbuji. Alianguka, akachubuka mkono wote, mbuzi akaondoka mzima. Alimlaumu mbuzi. Baada ya hapo ndipo lilipokuja lile lori. Tulikuwa tumetoka kwenye njia ya mashambani tunaingia barabara kubwa, na lori lililobeba makaa kutoka Ngaka lilikuwa linakuja upande wetu wa kulia, kubwa, lenye kelele, huwezi kulikosa. Nilisimama. Yeye alinipita akaingia barabarani. Honi ile naisikia mpaka sasa. Dereva alikata usukani, lori likapita, vumbi likatufunika, na vumbi lilipotua nilimwona amesimama upande wa pili na baiskeli yake. Alimtukana dereva matusi mazuri kabisa. Kisha akaanza kukaza mzigo wake wa majani ambao haukuwa umelegea, nami niliona, naye alijua nimeona. Hatukulizungumza. Sijui bintiye alizipata wapi habari hizo, maana simu yake ilikuja wiki ile ile.

Nilichelewesha. Jumamosi ya kwanza mvua ilinisaidia. Ya pili nilisingizia kusahihisha mitihani. Ya tatu tulikwenda mpaka pale barabara ya Mbamba Bay inapoanza kudondoka na ziwa kuonekana chini, tena kwa njia za ndani, mimi mbele, nageuka kila nikisikia injini. Tulikaa. Nikaanza habari za darasa la saba, nikahamia bei ya mbolea, nikarudi darasa la saba.

"Sema basi ulichotumwa," akasema. "Jua linakwenda."

Nikamwambia. Nilisema, "Mama, wanao wanataka uache baiskeli. Lakini nitakwambia langu mwenyewe. Lile lori hukuliona. Lilikuwa wazi, kubwa, nami nililiona tangu mbali, na wewe hukuliona kabisa."

Alikuwa anamenya ndizi, akaacha.

"Sikuliona," akasema. "Nilisikia honi, nikadhani iko kwingine."

Kisha akanieleza, kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza ugonjwa wa kahawa. Alisema anaona kama anachungulia kwenye bomba. Kilicho mbele anakiona, kilicho kando hakipo mpaka kitokee, na kikitokea kimeshafika. Ziwa alikuwa analiona kipande, akageuza kichwa akaliona kipande kingine. Mwaka mzima alikuwa anashuka milima kwa kufuata mgongo wangu. Fulana nyeupe ikikata kona, naye anakata. Ikipunguza mwendo, naye anabana breki.

Nilikuwa nashuka kama mwendawazimu mara nyingine, kwa kumfurahisha. Nikamwambia kama ningejua ningeshuka polepole. Akasema ndiyo maana hakuniambia.

Hatukuendesha kurudi. Tulisukuma njia nzima, hata kwenye miteremko, mpaka mlangoni kwake, ambapo alinishukuru kwa kumsindikiza kama anavyoshukuriwa mgeni. Jumamosi iliyofuata hakutoka. Nyingine pia. Nilipita kwake nikamkuta anapepeta maharage, akanikaribisha vizuri, akanipa chai, na baiskeli ilikuwa imeegemezwa ndani, nyuma ya magunia. Nikaenda mlimani peke yangu. Kila kijiji waliniuliza mwenzangu yuko wapi, anaumwa? Nikawa najibu hajambo, amepumzika, na kila nikijibu hivyo najisikia mwizi. Bintiye alinipigia akanishukuru sana. Mwisho hata mimi nikaacha kutoka Jumamosi, nikawa nafua.

Masika ikaisha, kahawa ikaanza kuiva, mimi nikaanza tena kutoka. Ni Jumamosi ya juzijuzi tu. Nilikuwa nashuka kwenye kile kilima kirefu cha kuelekea bondeni, njia ya mashambani, nikaona mbele yangu mtu anashuka kwa miguu anasukuma baiskeli. Nilishangaa. Huku kwetu mteremko hausukumwi. Mtu anasukuma akipanda, na akishuka anaendesha, hata awe na magunia mawili, hata breki yake iwe ndala ya kukanyagia tairi. Anayesukuma kushuka ameharibikiwa. Nikabana breki nimsaidie, na nilipomfikia nikaona soksi za rangi mbili mikononi.

Nikashuka. Nikamwamkia, akaitika, akageuza kichwa chote ili anione.

"Imeharibika, Mama?"

"Haijaharibika. Nashuka."

Nikatembea kando yake, naye akanieleza, huku anahema kidogo kwa kuizuia baiskeli isimkimbie. Alisema alikaa ndani akafikiri sana. Alifikiri juu ya yule mbuzi. Yeye akishuka hamwoni mbuzi, na mbuzi hana muda. Lakini akipanda, na kwa gia ndogo kabisa ya baiskeli yake, ambayo zamani hakuigusa, anapanda polepole kuliko mtu anayetembea, mbuzi ndiye anamwona yeye, anafikiri, na anaondoka kwa hiari yake. Kwa hiyo ameacha kushuka. Kila mlima unaoshuka anatembea, kila mlima unaopanda anaendesha. Barabara kubwa haingii kabisa. Bintiye alipokuja kutoka Songea, akachachamaa, yeye alimtoa nje akamwambia tembea kando yangu. Binti akatembea kando ya mama yake anayeendesha mpaka juu ya kilima, tena ikabidi amsubiri mara mbili. Juu pale akasema kasi hii hata kuku hafi, na mama akiwa anatia dawa mbele yake kwa simu ya video kila jioni, basi yamekwisha.

"Na kupanda kwenyewe?" nikamuuliza. "Wewe ulikuwa hupendi."

"Kupanda sipendi mpaka leo," akasema. "Magoti yananiuma. Lakini niko juu ya baiskeli."

Tukaenda hivyo. Nilikuwa nataka kumwomba radhi kwa zile wiki za kimya, sijui nilitaka kusema nini, nikaanza vibaya, akanikatiza.

"Wengine wote waliniambia nimezeeka," akasema. "Sasa mtu akikwambia umezeeka, ufanye nini? Wewe uliniambia sikuliona lori. Hilo nikakaa nalo, nikaona naweza kulitafutia dawa. Nimekuwa nataka kukushukuru, lakini ulikuwa huji."

Niliangalia mashamba ya upande wa pili, na yakawa yananichezea machoni. Mtu huyu alinipa milima hii, akanipa watu wa njia hii, alimlilia baba yangu njia nzima mpaka ziwani, na sasa ananishukuru mimi. Nikasema tu ahsante, Mama. Akajifanya hakusikia.

Wakulima wawili waliokuwa wanachuma kahawa wakasimama kututazama, watu wazima wawili na baiskeli mbili nzima, tunazisukuma kuteremka. Mmoja akauliza kwa sauti kama tunahitaji pampu. Bibi Shamba akamwambia hapana, baba, tuko salama.

Chini, kwenye kidaraja cha miti, mlima wa pili unaanza hapo hapo. Alisimama akaniuliza kama njia iko wazi. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikatazama na juu mpaka kona, nikamwambia iko wazi. Akaweka gia ndogo, akapanda, akaanza kukanyaga, polepole, mabega yanakwenda huku na huku, na mbuzi mmoja aliyekuwa katikati ya njia akamwangalia vizuri, akasogea pembeni. Nami nikapanda. Ningeweza kumpita kwa miguu. Nilikaa nyuma yake mpaka juu.